Damu Iliyoogopa Mvua

Nemoto Fusae alijifunza kuhesabu kwa damu ya mama yake. Alikuwa na miaka sita. Baba yake alirudi kutoka vita vya Manchuria na mguu mmoja mbovu na hasira isiyo na kilema, na alikuwa na kawaida ya kuokota koleo la chuma la kushikia makaa na kumpiga nalo mkewe kichwani. Akishamaliza, hulala. Fusae hubaki amekandamiza kitambaa kwenye jeraha huku akihesabu moja moja kwa sauti ya chini. Mara nyingi damu ilikata kabla hajafika mia mbili. Asubuhi moja ya baridi alifika mia nne na kumi, na bado ilikuwa inatoka. Akaacha kuhesabu, akatoka pekupeku juu ya umande ulioganda, akaenda kumgongea jirani.

Mama alipona. Baba hakuulizwa neno na mtu yeyote.

Fusae alipokuwa mkubwa alisomea kazi ya maabara. Wenzake walipomuuliza kwa nini amechagua kazi hiyo, alisema anapenda kukaa ndani, mahali pasipo na upepo. Hakuolewa. Mwaka 1998, akiwa na miaka hamsini na saba, alikuwa mkuu wa maabara ya watu watatu katika hospitali moja ndogo mjini Mito, upande wa mto Naka, na kazi ya kupima kuganda kwa damu hakumwachia mtu.

Ni kazi ya uangalifu. Mgonjwa aliyewekewa vali ya chuma moyoni hunywa warfarini kila siku ya maisha yake. Damu ikigusa chuma hupenda kuganda, na donge likipanda ubongoni, mtu anaanguka na vijiti vya kulia mkononi. Dawa ile huizuia damu isigande upesi. Lakini ikizidi, damu hutoka hata pasipo kuguswa, kwenye fizi, tumboni, kichwani. Kwa hiyo kila mwezi mgonjwa hutolewa damu kwenye kichupa chenye mfuniko mweusi, ikajazwa mpaka kwenye mstari, isizidi wala kupungua, kisha mashine ikahesabu sekunde mpaka igande. Kinachotoka ni namba moja tu. Mtu mzima wa afya ana moja. Mwenye vali ya chuma anatakiwa awe kati ya mbili na tatu. Namba hiyo huandikwa kwenye kijidaftari ambacho mgonjwa hakiachi, kama mwenye imani asivyoacha hirizi yake.

Kila asubuhi, kabla ya kugusa mashine, kanuni ilimtaka Fusae aandike joto na unyevu wa chumba. Yeye aliongeza neno moja pembeni ambalo hakuna kanuni iliyolidai: jua, mawingu, au mvua.

"Dada Nemoto," wenzake walimtania, "hapa ni maabara au kituo cha hali ya hewa?"

"Mashine haina macho ya kuona nje," alijibu. "Mimi ninayo."

Miongoni mwa wagonjwa wake alikuwamo Ebine Mitsuyo, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mwembamba, mwenye tabia ya kuziba mdomo anapocheka. Homa ya utotoni iliula moyo wake, na miaka mitano nyuma alikuwa amewekewa vali. Mumewe, Goichi, alikuwa fundi wa kufunga majukwaa ya bomba ambayo wajenzi hupandia. Mikono ya Mitsuyo ilikuwa na rangi zote za bilinganya, kuanzia ile changa mpaka ile iliyokaa siku nyingi kwenye chumvi.

"Dawa hii jamani!" alikuwa akisema anapokunja mkono wa shati. "Nikigusana na mlango tu, nimevilia."

Na wote walikubali, kwa sababu ni kweli kwamba wanywaji wa warfarini huvilia damu upesi. Fusae pia alikubali. Miaka mitatu alikubali.

Halafu kuna nato. Mito ni mji wa nato. Soya huchemshwa, ikavundikwa ndani ya mafungu ya mabua ya mpunga, ikatoka inanata na kuvuta nyuzi, ikaliwa juu ya wali wa moto kila asubuhi toka mtoto anapoota meno. Lakini nato imejaa vitamini ya kugandisha damu, na bakuli moja laweza kuvuruga dawa kwa siku kadhaa. Ukurasa wa kwanza wa kijidaftari umeandikwa kwa wino mwekundu: usile nato. Kumwambia mtu wa Mito maneno hayo ni kumwambia asipumue kwa pua. Wazee kwenye benchi la kusubiri walikuwa wakitoleana siri zao waziwazi.

"Mimi jana nimekula kidogo tu. Kijiko."

"Kijiko cha chai au cha kupakulia?"

"Wewe nawe, askari wa nato! Futa kwanza huo uzi kidevuni."

Ndiyo maana hospitalini pale namba ikishuka, hakuna aliyeuliza mara mbili. Ilijulikana: huyu ameshindwa na tumbo lake.

Mwanzoni mwa Juni, siku msimu wa mvua ulipotangazwa redioni, namba ya Mitsuyo ilikuwa moja nukta tatu. Fusae alipeleka karatasi kwa Daktari Shikama mwenyewe. Alimkuta Mitsuyo humo, na Goichi amekuja naye, mtu mpana wa mabega, kofia magotini, mpole kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu.

"Ehe, Mama Ebine," daktari akacheka. "Umeshindwa tena?"

Mitsuyo akainamisha kichwa. "Nisamehe, daktari. Harufu yake tu."

"Harufu haishushi namba hivi. Haya, nakuongezea dawa, nusu juu ya unayokunywa. Na wewe bwana, msaidie mwenzio. Ondoa nato yote nyumbani."

Goichi naye akacheka, akampigapiga mkewe mgongoni kwa kiganja. "Mlafi huyu, daktari. Niachie mimi."

Fusae alikuwa bado mlangoni. Aliona kile kiganja kilipomgusa, Mitsuyo akafumba macho. Hakufumba kwa aibu. Alifumba kama mtu aliye chini ya kitu kinachoanguka.

Jioni ile, kabla hata wali haujaiva, Goichi alitoa mafungu yote ya nato kabatini. Yaliyofunguliwa alimpaka mkewe usoni na kwenye nywele, akamshindilia mengine mdomoni mpaka akakabwa. "Kula! Si unapenda? Unanitia aibu mbele ya daktari, nionekane silishi mke!" Kisha akavua mkanda wake wa kazi, ule mpana wenye ndoano ya chuma ya kujifungia juu ya mabomba, akampiga mapajani na kiunoni mpaka mkono ulipochoka. Mitsuyo hakulia kwa sauti, kwa kuwa kelele zilimwongezea Goichi nguvu. Alijikunja akaziba kichwa kwa mikono yote miwili. Huo ndio ustadi wake wa miaka kumi na minane: kichwa kwanza, mengine yatapona.

Haya Fusae aliyajua baadaye. Alichokuwa nacho siku ile ni namba tu, na namba haikumpa usingizi. Damu ya moja nukta tatu ni karibu sawa na ya mtu yeyote. Damu nzito namna hiyo haivilii kwa kugusana na mlango. Kama dawa haikuwa ikifanya kazi, ni nini kilichokuwa kikiipaka mikono ile rangi?

Kesho yake alitoa rafuni madaftari ya joto la chumba ya miaka mitatu, akatoa na majibu ya Mitsuyo, akayalaza mezani ubavu kwa ubavu. Hakuhitaji hesabu kubwa. Kila palipoandikwa jua, jua, jua, namba ya Mitsuyo ilikaa mbili na ushei, nzuri, ya mgonjwa mtiifu. Kila palipoandikwa mvua juma zima, Juni, na tena Septemba wakati wa vimbunga, ilianguka. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ulafi haujui hali ya hewa.

Na mafundi wa majukwaa hawapandi mabomba siku ya mvua. Hukaa nyumbani. Hunywa.

Fusae akakaa kitini, mikono yake ikanuka tena koleo la chuma.

Mitsuyo alirudi tarehe ishirini na mbili, peke yake, mwavuli ukitiririka. Mvua ilikuwa imenyesha siku tisa. Alishika ukuta alipokuwa akitembea, na alipokaa kwenye kiti cha kutolea damu alikaa kwa paja moja. Fusae alimfunga mpira mkononi, akaingiza sindano, akajaza kichupa mpaka kwenye mstari. Alipochomoa, alishikilia pamba yeye mwenyewe badala ya kumwachia.

"Mitsuyo," akasema polepole, "mvua ikija unakula nato. Kwa nini?"

"Si nilisema, dada. Tamaa."

"Mimi nimezaliwa Mito kama wewe. Tamaa ya nato haisubiri redio itangaze mvua."

Pamba ilikuwa imelowa nyekundu. Fusae akaweka nyingine.

"Daktari wa moyo aliniambia damu yangu nyepesi," Mitsuyo akasema, macho yakiwa kwenye pamba. "Akasema nikigonga kichwa, naweza kufa. Nikarudi nyumbani nikafikiri. Nisigonge kichwa vipi, mimi? Redio ikisema kesho mvua, nakula mabakuli mawili, matatu. Damu inakuwa nzito. Akinipiga, haitoki sana."

"Na vali? Huogopi vali itaziba?"

"Vali itaniua mara moja tu, dada. Yeye ananiua kila mvua."

Fikra nyingine ikamjia Fusae. "Sasa hivi unakula?"

"Nitakula wapi? Yeye sasa anakula mbele yangu, akimaliza anaosha bakuli mwenyewe. Hajawahi kuosha chombo toka tuoane." Akacheka, akaziba mdomo. Kwenye fizi zake palikuwa na mstari mwembamba wa damu.

Pamba ya pili ilikuwa imelowa pia. Dawa imeongezwa nusu nzima. Nato imekatwa. Wiki mbili na ushei. Fusae alifunga mkono ule kwa bandeji ya kukaza, akamwambia, "Usiinuke hapo. Hata chooni usiende," akakimbiza kichupa kwenye mashine ya kuzungushia. Damu ilipojitenga akaitia kwenye mashine ya kuhesabu, akasimama mbele yake. Ilihesabu. Iliendelea kuhesabu. Damu ya mtu wa afya ingekuwa imeshaganda zamani, nayo ilikuwa bado inahesabu.

Saba nukta tisa. Akarudia. Saba nukta tisa.

Akainua simu. "Daktari Shikama, Ebine Mitsuyo, nane kasoro kidogo."

"Kichupa umekijaza mpaka kwenye mstari?"

"Nimejaza. Nimerudia. Na anapigwa, daktari. Hizo namba za chini zote, alikuwa anajikinga."

Upande wa pili kilisikika chombo cha chuma kikiwekwa kwenye sinia. "Nina mtu mezani nimemfungua mguu. Dakika kumi. Asiondoke. Asiguswe na mtu."

Goichi aliwahi kabla ya hizo dakika kumi. Alikuja na viatu vyake vya kazi vyenye tope mpaka ndani, akinuka pombe ya viazi saa nne asubuhi.

"We mwanamke, nimekaa na njaa toka saa mbili. Damu gani hiyo inayotolewa nusu siku, wanakamua ng'ombe?"

"Mkeo anasubiri daktari," Fusae akasema. "Hali yake ni ya hatari."

"Hatari ni mimi nikikaa na njaa. Inuka!"

Mitsuyo alikuwa amekwisha inuka. Mwili wake uliitika kabla ya akili. Lakini Fusae alisimama kati yao, kichwa chake kikimfikia Goichi kifuani.

"Bwana Ebine, sikiliza. Leo damu yake haigandi. Ukimsukuma tu akaanguka, amekufa. Kichwa chake leo hakigongwi hata na mto wa kulalia."

"Kizee, nenda kapime mikojo."

Akampiga kofi la nyuma ya mkono. Fusae aligonga rafu, na vichupa vya watu arobaini vilianguka naye na kupasuka sakafuni. Goichi akapita juu ya vipande, akamkamata mkewe nywele, akamburuta kuelekea korido. Mitsuyo alishikilia mguu wa meza. Meza ikavutwa pamoja naye, darubini ikaanguka. Kwenye kizingiti alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya miaka kumi na minane. Aliugeuza uso akamng'ata mumewe kifundo cha mkono, kwa meno yote, akang'ang'ania. Goichi alipiga ukelele, akamtikisa, na fungu la nywele likabaki mkononi mwake pamoja na kipande cha ngozi. Mitsuyo akaanguka ndani. Goichi alikuwa nje.

Mlango wa maabara ile ulikuwa wa chuma, wa kusukuma pembeni kwenye reli, mzito, uliokuwa ukimsumbua Fusae kila asubuhi. Aliusukuma. Goichi akapenyeza mkono wa kulia kuuzuia, vidole vinne vikashika ukingo.

Fusae aliviona vizuri. Alikuwa na nafasi ya kusimamisha mlango. Akarudi nyuma hatua moja, akautupia mwili wake wote.

Mifupa ililia kama vijiti vikavu. Kilio cha Goichi kilisikika mpaka kwenye benchi la wazee. Fusae hakufungua. Aligeuka, akaegemeza mgongo kwenye chuma, akakaza miguu sakafuni kwenye damu za watu wote. Goichi alipiga teke, mlango ukatikisika, vidole vikasagika tena. Mbele yake Mitsuyo alilala ubavu, damu ikimtoka kichwani pale nywele zilipong'oka.

"Vua shati!" Fusae akampigia kelele. "Kunja, kandamiza! Kwa nguvu! Hesabu na mimi. Moja!"

"Moja," Mitsuyo akasema.

Walifika mia tatu na sitini daktari alipowasili na watu watatu, wakamwangusha Goichi chini. Ndipo Fusae alipofungua mlango. Akapiga magoti, akachukua shati lile, akaendelea kukandamiza yeye. Shikama alidunga dawa mshipani, na dawa ile kiini chake ni kilekile kilichomo kwenye nato. Wakatundika na plazma, maji ya damu yanayosaidia kuganda. Damu ilikata baada ya Fusae kuhesabu elfu mbili na kitu. Hapo sauti ilikuwa imemkauka, hakuwa na hakika ya namba.

Mchana ule Goichi alihitaji kufanyiwa upasuaji wa mkono, na kabla ya upasuaji damu lazima ipimwe. Ilifika mezani kwa Fusae, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Aliipima kwa uangalifu uleule. Moja kamili. Damu nzuri, inayoganda kama ya kijana. Akaandika, akatia sahihi.

Polisi aliyekuja aliandika maneno machache kuhusu Mitsuyo na mengi kuhusu mlango.

"Mke na mume ni mambo ya nyumbani," alieleza kwa upole. "Vidole, shangazi, ni jinai."

Mkurugenzi wa hospitali alimwita, akamnywesha chai, akamwambia mambo yanaweza kuishia hapo. Goichi yuko chumba namba mia tatu na tano, vidole viwili vimekatwa. Anunue sanduku la peremende nzuri, aende, ainame mpaka chini, aombe radhi. "Umebakiza miaka mitatu tu kustaafu, Nemoto. Kuinama ni dakika moja."

Fusae alinunua sanduku, halua nyeusi ya maharage yenye karatasi ya dhahabu. Akapanda ghorofa ya tatu, akaupita mlango wa mia tatu na tano, akaendelea mpaka wodi ya wanawake. Akaliweka sanduku kitandani kwa Mitsuyo, akapiga magoti sakafuni, akainama mpaka paji la uso likagusa vigae.

"Dada! Unafanya nini? Inuka, watu wanaona!"

"Miaka mitatu nimeandika namba zako," Fusae akasema bila kuinua kichwa. "Nimeandika na mvua kwa mkono huuhuu, siku zilezile. Sikukuuliza. Niwie radhi."

Mitsuyo aliteremka kitandani na mirija yake, akapiga magoti mbele yake, naye akainama, kama desturi inavyotaka. Muuguzi aliyeingia aliwakuta hivyo, vichwa viwili sakafuni, kimoja kimefungwa bandeji.

Fusae alifukuzwa kazi Agosti. Kabla ya kuondoka alimkabidhi Shikama madaftari ya joto la chumba na nakala ya majibu. Daktari aliyasoma akiwa amesimama, kisha akakaa, kisha akaandika cheti cha kurasa sita, cha majeraha na tarehe, na kwa cheti hicho ndugu za Mitsuyo walipata pa kuanzia kumtoa kwa mumewe. Dada yake aliyeolewa Obihiro, kule Hokkaido ambako msimu wa mvua wa Juni haufiki, alikuja kumchukua kwa treni. Goichi alimtafuta mara mbili, na mkono wake wa vidole vitatu. Mara ya pili shemeji mtu, mfuga ng'ombe, alimpokea langoni na uma wa kupakilia majani.

Juni iliyofuata Fusae alipokea kadi ya posta kutoka Obihiro. Nyuma yake haikuwa na salamu za msimu wala habari za afya. Palikuwa na mstari mmoja tu, kwa mwandiko wa mtu aliyeinamia meza:

"Mwaka huu hata huku imenyesha, siku nane mfululizo. Mbili nukta nne."